Paul Keres: kijana wa mji mdogo aliyecheza na dunia nzima kwa posta



Leo naomba tuiache kidogo bei ya pamba na ahadi za wakubwa, maana hayo tutayarudia tu, hayaishi. Nataka niwasimulie habari za marehemu mmoja anaitwa Paul Keres. Si wa kwetu. Alikuwa mtu wa Estonia, nchi ndogo huko kaskazini mwa Ulaya, na amefariki tangu mwaka 1975. Kilichompa jina ni sataranji, ule mchezo ambao vijana wengi siku hizi wanauita chesi.

Najua kuna watakaoguna. Chesi na Bariadi wapi na wapi? Subirini kwanza. Estonia ya miaka ya 1930 ilikuwa na watu milioni moja na kidogo. Sisi mkoa wetu wa Simiyu, ukijumlisha Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, sensa ya mwaka 2022 ilitukuta zaidi ya milioni 2. Yaani nchi nzima ya huyu bwana ilikuwa na watu wachache kuliko mkoa wetu. Na yeye hata hakukulia mji mkuu. Alikulia mji mdogo wa pwani unaitwa Pärnu, ambako mtu wa kumpa mchezo wa maana alikuwa hapatikani. Halafu mtu huyo huyo akaja kuwapiga mabingwa wa dunia 9, kuanzia Capablanca hadi Fischer. Sasa hapo ndipo mimi nikauliza: alijifunzia wapi?

Nauliza kwa sababu swali hilo nalijua. Chesi mimi niliikuta shuleni, huku huku kwetu, enzi hizo bado tunahesabika Shinyanga kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Mwalimu mmoja alikuja na ubao wake, akatufundisha watu watatu wanne hivi, baadaye akahamishwa na ubao ukaondoka naye. Nikabaki najua sheria zote lakini sina wa kucheza naye. Drafti ilikuwepo kila kijiwe, vifuniko vya soda juu ya ubao wa kuchora. Wazee nao walikuwa na isolo yao, ndugu wa bao, na ukikaa pembeni yao ulikuwa unasikia hesabu za kete zinatembea kichwani kabla mkono haujagusa shimo. Lakini chesi ilikuwa hakuna. Kwa hiyo niliposoma habari za Keres nilisoma kwa njaa.

Basi tuanze.

Paul Keres alizaliwa tarehe 7 Januari 1916 katika mji wa Narva, wakati huo Estonia ikiwa chini ya dola ya Urusi na Vita Kuu ya Kwanza inaendelea. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Nchi ikajitangazia uhuru mwaka 1918, na familia ikaishi Pärnu. Mchezo aliufahamu nyumbani, kwa baba yake na kaka yake Harald. Hawakuwa na rafu ya vitabu vya chesi. Watoto wale walikuwa wanakata mafumbo ya chesi yanayotoka kwenye magazeti na kuyatatua. Paul alipokuwa mkubwa kidogo akaanza kunakili kwa mkono michezo ya wakubwa kila alipoipata, mmoja mmoja, mpaka akawa na mkusanyo wa karibu michezo elfu moja. Ukifikiria vizuri, kitabu chake cha kwanza cha chesi alikiandika mwenyewe, kwa kalamu na subira.

Lakini kunakili sio kucheza. Unahitaji adui. Na Pärnu adui hakuwepo. Hapo ndipo kijana akaingia posta.

Kwa wasiojua, chesi ya barua inakwenda hivi. Mimi niko Bariadi, wewe uko Bukoba. Naandika hatua yangu moja kwenye kadi, natuma. Wewe unaipokea, unapanga kete zako mezani, unafikiri siku mbili tatu, unaandika jibu lako moja, unarudisha. Ndiyo basi. Kadi moja, hatua moja. Ili lugha isiwe kikwazo, chama cha kimataifa cha chesi ya barua, kilichoanzishwa mwaka 1951, kilikuwa na namna ya kuandika kwa tarakimu tupu. Kila mraba wa ubao una namba mbili, ya safu na ya mstari. Ukiandika 5254 maana yake ile kete ndogo iliyo mbele ya mfalme imetoka mraba wa 52 ikaenda 54. Mjapani anaelewa, Mbrazili anaelewa, na Msukuma wa Dutwa anaelewa.

Wale wenzangu wenye umri watakumbuka kadi za salamu za Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu anakaa kijijini ndani kabisa, hana simu wala gari, lakini ananunua kadi, anajaza majina, anaituma, na jina lake linasomwa nchi nzima inasikia. Wapenzi wa salamu walikuwa na marafiki mikoa yote bila kutoka nyumbani. Keres alikuwa mtu wa namna hiyo, ila kadi yake badala ya salamu ilibeba shambulizi.

Na hakucheza mchezo mmoja au miwili. Kuna wakati akiwa mwanafunzi wa sekondari alikuwa na michezo 150 inayokwenda kwa wakati mmoja. Hebu tupige hesabu ya haraka. Tuseme kila mpinzani anajibu mara moja kwa wiki mbili. Hiyo ni kadi 10 au 11 kwa siku, kila siku ya Mungu, za kusoma, kufikiri na kujibu. Na mchezo wa hatua 40 kwa mwendo huo unakula mwaka mmoja na nusu. Wanaofuatilia historia yake wanakadiria kwamba kwa jumla alicheza michezo kama 500 ya barua. Mwaka 1935, akiwa na miaka 19, akashinda ubingwa wa kimataifa wa chama cha chesi ya barua cha enzi hizo. Mwaka huo huo akawa bingwa wa Estonia na akaongoza timu ya taifa kwenda olimpiadi ya chesi Warsaw, Polandi. Huko watu walianza kuulizana huyu mtoto katokea wapi. Alikuwa ametokea kwenye sanduku la barua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini, yaani zile hatua za mwanzo, ufunguzi. Mchezaji anayecheza ana kwa ana, saa inamhesabia, huwa anaogopa kujaribu kitu kigeni. Anafungua kwa njia aliyoizoea. Keres aliitumia posta kama shamba la majaribio. Kwa sababu ana siku kadhaa za kufikiri kila hatua, na ana michezo 150, akipoteza mmoja dunia haiishi. Kwa hiyo alikuwa anapanda mbegu ambazo watu wazima walishaziita mbovu, aone kama zitaota.

Mfano mmoja tu, na nitaueleza taratibu kwa asiyecheza. Kuna ufunguzi wa kale unaitwa Gambiti ya Mfalme. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili, mweusi anajibu vile vile. Kisha mweupe anamsogeza askari wa jirani yake hatua mbili na kumtoa bure, aliwe. Mweusi anamla. Hapo wenye busara zao wanamtoa farasi wa upande wa mfalme ili kumzuia malkia wa mweusi asije kupiga hodi. Keres yeye alipenda kumtoa farasi wa upande wa pili, wa malkia. Maana yake mlango kauacha wazi. Malkia wa mweusi anaruka mpaka pembeni ya ubao na kumtisha mfalme, na mfalme wa Keres inabidi atembee kwa miguu, hatua moja mbele, katikati ya uwanja, akiwa amepoteza haki ya kujificha nyuma ya ngome. Ukimwonyesha mwalimu wa chesi atakwambia umekufa. Keres aliucheza tena na tena kwenye barua, na mpaka leo njia hiyo inabeba jina lake kwenye vitabu vya ufunguzi. Sio kwamba ni njia salama, la hasha. Ila ilimfundisha kitu ambacho njia salama haifundishi: jinsi ya kubaki na akili timamu wakati mfalme wako yuko barabarani.

Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 1937, huko Margate, Uingereza, alikutana na Alexander Alekhine ambaye alikuwa mmoja wa watu wa kutisha kuliko wote kwenye ubao. Keres alikuwa na miaka 21. Alimfunga kwa hatua 23, na ya mwisho akamtoa malkia wake mwenyewe kafara. Mwaka huo huo akashinda mashindano ya Semmering na Baden nchini Austria, Capablanca akiwemo. Kisha mwaka 1938 yakafanyika mashindano makubwa Uholanzi yanaitwa AVRO, watu 8 tu lakini wote vigogo: Alekhine, Capablanca, Euwe, Botvinnik, Fine, Reshevsky, Flohr na yeye. Keres na Fine wakalingana juu kileleni kwa pointi 8 na nusu, na kwa hesabu za kutenganisha Keres akawekwa wa kwanza. Dunia nzima ikaona huyu ndiye atakayecheza na Alekhine kuwania taji.

Hapo kijana wa Pärnu alikuwa na miaka 22, mwanafunzi wa hesabu Chuo Kikuu cha Tartu. Mzazi unayemfukuza mwanao kwenye drafti ukisema mchezo unaharibu akili, weka hilo moyoni. Kaka yake Harald naye, yule wa kukata mafumbo gazetini, alikuja kuwa mwanafizikia mkubwa wa Estonia. Nyumba moja ya fundi cherehani.

Lakini binadamu hupanga lake. Mwezi Septemba 1939 Keres yuko Buenos Aires, Ajentina, kwenye olimpiadi ya chesi, na vita vikaanza Ulaya michezo ikiendelea. Timu ya Estonia, nchi ya watu milioni moja, ikamaliza ya tatu duniani nyuma ya Ujerumani na Polandi. Wachezaji wengi waliamua kubaki Amerika ya Kusini. Keres alirudi nyumbani. Akapata nafasi ya kucheza na Max Euwe, bingwa wa dunia wa zamani, mfululizo wa michezo 14 mwaka 1939 na 1940, akamshinda kwa 7 na nusu kwa 6 na nusu. Na hapo pia njia ya kwenda kwa Alekhine ikafungwa, maana ramani yenyewe ya Ulaya ilikuwa inachanwa.

Mwaka 1940 Umoja wa Kisovieti ukaimeza Estonia. Mwaka 1941 Wajerumani wakaingia. Mwaka 1944 Wasovieti wakarudi. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni bendera tatu ndani ya miaka mitano, bila kuhama mtaa. Keres alicheza chini ya bendera zote hizo. Chini ya Wajerumani alishiriki mashindano ya Salzburg na Munich. Pale Salzburg mwaka 1943 alimwonyesha Bogoljubov wazo jipya la ufunguzi dhidi ya ulinzi wa Kisisilia: hatua ya 6, askari wa mbele ya farasi wa upande wa mfalme anapelekwa mbio hatua mbili mbele, shambulizi la wazi kabisa. Wazo hilo linaitwa Shambulizi la Keres hadi leo na linachezwa mpaka kwenye simu za watoto. Vita vilipoelekea kwisha alijaribu kuondoka nchini, hakufanikiwa. Wasovieti wakamhoji kwa nini alicheza kwenye mashindano ya Wajerumani, na kwa muda akawekwa pembeni.

Alirudi kwenye ubao, na alirudi kwa kishindo. Alikuwa bingwa wa Umoja wa Kisovieti mwaka 1947, 1950 na 1951, na wenye kujua wanasema ubingwa ule wakati mwingine ulikuwa mgumu kuliko mashindano ya dunia. Alekhine alifariki mwaka 1946 akiwa bado na taji, kwa hiyo mwaka 1948 wakaitwa watu watano wagombee kiti kitupu, The Hague na Moscow. Botvinnik akashinda kwa pointi 14, Smyslov 11, Keres na Reshevsky 10 na nusu, Euwe 4. Keres alipoteza michezo minne ya kwanza dhidi ya Botvinnik, akashinda wa tano wakati taji limeshapata mwenyewe. Tangu siku ile maneno hayajaisha. Wapo wanaosema aliambiwa apoteze, wapo wanaosema alikuwa amechoka na mwenye hofu tu, na waandishi wa historia ya chesi wamegawanyika. Mimi sitawagawia hukumu. Ila nasema hivi, mtu aliyewahi kuhojiwa na serikali anakaa mbele ya kipenzi cha serikali hiyo hiyo, hata asipoambiwa neno lolote, kete zake zinakuwa nzito.

Sasa nifike kwenye sare, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Chesi ukishinda ni pointi 1, mkitoka sare kila mtu nusu. Watu wengi wanaidharau sare. Wanaona ni kama mechi ya sifuri kwa sifuri ya ligi yetu, kila mtu anakwenda nyumbani amenuna. Lakini maisha ya Keres yalisimama juu ya hiyo nusu.

Ili kumfikia bingwa wa dunia ilibidi ushinde mashindano ya wagombea. Keres akawa wa pili, pamoja na wengine wawili, Zürich mwaka 1953. Akawa wa pili Amsterdam mwaka 1956. Akawa wa pili tena Yugoslavia mwaka 1959, nyuma ya kijana Tal. Watu wakaanza kumwita wa pili wa milele. Kisha ikaja kisiwa cha Curaçao mwaka 1962. Watu 8, kila mmoja anakutana na mwenzake mara nne. Wasovieti watatu, Petrosian, Geller na Keres, walikutana wao kwa wao mara 12. Na zote 12 zilikwisha sare, nyingi zikiwa fupi kabisa. Yule Mmarekani Bobby Fischer, akiwa na miaka 19, alipiga kelele kubwa baadaye kwamba wamepanga. Na kelele zake zilisikika, kwa sababu baada ya hapo utaratibu ulibadilishwa na kuanzia mwaka 1965 wagombea wakawa wanatoana mmoja mmoja.

Sasa angalieni hesabu. Ikabaki michezo miwili kwisha. Keres akacheza na Pal Benko, mtu aliyemfunga mara zote tatu kwenye mashindano yale yale. Safari hii akafungwa yeye. Mchezo wa mwisho akakutana na Fischer, wakatoka sare. Mwisho wa yote Petrosian pointi 17 na nusu, Keres na Geller 17. Nusu pointi. Sare moja. Petrosian akaenda kucheza na Botvinnik mwaka 1963, akawa bingwa wa dunia. Keres alikuwa na miaka 46 na nafasi kama ile haikurudi.

Kwa hiyo sare fupi za kupumzika, kama kweli zilikuwa na makubaliano, zilimlinda asichoke na wakati huo huo zilimla. Kama angeshinda hata mchezo mmoja kati ya ile minne na Petrosian, yeye ndiye angemaliza na 17 na nusu na mwenzake 17. Huyu ndiye mtu ambaye utotoni alikuwa anamwacha mfalme wake barabarani kwa makusudi ili tu aone itakuwaje. Kwenye barua hakuogopa kupoteza. Kwenye Curaçao, chini ya timu na bendera na wakubwa, wale watatu hawakuthubutu kugusana. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa la maisha yake, na sio la chesi peke yake. Mtu anapofika karibu na kiti anaanza kulinda alichonacho, na kinachomkosesha kiti ni kile kile kulinda.

Nisiseme kwamba alimaliza kwa uchungu. Kwa taarifa zote alikuwa mtu mpole, muungwana, anayeheshimiwa hata na aliowafunga. Aliandika vitabu vya ufunguzi na vya namna ya kumalizia mchezo vilivyosomwa na vizazi. Aliendelea kucheza mpaka mwisho kabisa. Mwaka 1975 alikwenda Vancouver, Kanada, akashinda mashindano, na akiwa njiani kurudi nyumbani moyo ukasimama huko Helsinki, Ufini, tarehe 5 Juni. Alikuwa na miaka 59. Helsinki na Tallinn zinatazamana, bahari tu katikati. Alikuwa amekaribia kufika.

Mazishi yake Tallinn yalikusanya watu zaidi ya laki moja. Katika nchi ya watu kama milioni moja na nusu wakati huo, hebu fikirini. Max Euwe, yule aliyemshinda mwaka 1940, alikuja kama rais wa shirikisho la chesi duniani. Na Estonia ilipopata tena uhuru na kuchapa pesa zake mwaka 1992, noti ya krooni 5 ilikuwa na sura ya Keres. Noti hiyo ilitumika mpaka nchi ilipoingia kwenye yuro mwaka 2011. Mwaka 2000 wananchi walimchagua kuwa mwanamichezo wao wa karne. Sio mwanasoka, sio mkimbiaji. Mcheza chesi ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili ni la siku hizi. Chesi ya barua haijafa, ila kadi zimekwisha. Inachezwa kwa intaneti, na kwenye mashindano ya chama cha kimataifa mchezaji anaruhusiwa kutumia kompyuta kumsaidia kufikiri. Matokeo yake ni nini? Kwenye fainali za ubingwa wa dunia wa chesi ya barua, karibu michezo yote sasa inakwisha sare. Mashine yako haikosei, mashine yangu haikosei, mwisho tunapeana mikono. Ufunguzi wa mfalme barabarani huwezi kuuleta pale, mashine itakukataza kabla hujatuma. Wengine wanasema mchezo umefika mwisho wake. Mimi sioni hivyo. Naona umetuonyesha kitu Keres alichokuwa anatafuta kwenye kadi zake. Hakuwa anatafuta jibu sahihi. Alikuwa anatafuta kufikiri. Jibu ukipewa na mashine unalo, lakini kufikiri huna.

Ndiyo maana nasema habari hii ni yetu. Leo kijana wa Nkololo au Lamadi mwenye simu ya kawaida na bando dogo anaweza kucheza na mtu wa Tallinn usiku huu huu, na zipo programu zinazoruhusu hatua moja kwa siku, kama posta ya zamani, bila kukulazimisha kukaa hewani muda wote. Mpinzani aliyekosekana Pärnu mwaka 1930 sasa yupo mfukoni. Kilichobaki ni hiyo subira ya kunakili michezo elfu moja kwa mkono, na ule ujasiri wa kujaribu ufunguzi ambao watu wanasema ni mbovu. Hivyo viwili haviji na bando.

Na sisi watu wazima tunaweza kufanya jambo dogo sana. Mbao za chesi sio ghali, na fundi seremala wa mtaani akipewa mfano anaweza kuuchonga ubao. Pale wazee wanapocheza isolo na vijana wanapocheza drafti, hapo hapo panatosha. Watoto wetu hesabu za kete wanazo tayari kichwani. Hawahitaji kuhamia Dar ndipo waanze kufikiri.

Nimemaliza. Sasa nawarushia ninyi wadau. Je, kuna mtu hapa aliyewahi kucheza chesi au drafti kwa barua, miaka ile ya shule za bweni? Na lile la Curaçao mnalionaje, wale watatu walifanya akili au walijimaliza wenyewe? Na wazee wa isolo, mkoa wetu bado unao wangapi wa kufundisha? Tuandikie hapo chini, ila matusi hapana, tafadhali. Tuheshimiane.